Mtani Aliyeninunua

Mwezi uliopita nilimpelekea seremala wa mtaani kwetu mlango wa kabati uliong'oka bawaba. Nilimkuta akiipaka meza ya mtu nta ya nyuki. Alikuwa ameiyeyusha kwenye kopo juu ya makaa, anaichota kwa kitambaa na kusugua. Harufu ile iliponifikia nilitafuta pa kukaa. Seremala akadhani ni presha, akampigia kelele mkewe alete maji. Sikuwa na presha yoyote. Nilikuwa mtoto wa miaka kama saba, nimekaa kwenye baraza ya nyumba ya Mzungu pale Tabora, mkono wangu wa kulia umezamishwa ndani ya bakuli la nta vuguvugu, na nilikuwa na hakika, kama ninavyolijua jina langu, kwamba nimeuzwa.

Wajukuu wangu nikiwasimulia hucheka. "Bibi, nani alikuuza?" Ninawajibu: mama yangu mzazi, tena huku akicheka. Hapo huacha kucheka. Ninyi wa rika langu labda mtanielewa upesi zaidi, maana mlizikuta enzi za Mwingereza, na bibi zenu nao walikuwa na zile habari ambazo hakuna mtu angepaswa kumsimulia mtoto kabla ya kulala.

Kwetu ni nje kidogo ya Usoke, upande wa reli iendayo Kigoma. Baba yangu alikuwa mkulima na mrina asali, mwenye mizinga mingi porini, na alikuwa mzee wa kanisa. Kijiji chetu kilikuwa cha watu wa misheni. Tuliamka kwa kengele, tulilala kwa sala, na mambo mengi ambayo Wanyamwezi wenzetu waliyafanya bila kuwaza, sisi tuliambiwa ni upuuzi au ni matusi. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo yaliyonipata yasingenipata.

Mkono niliuunguza kwenye uji wa mtama. Nilikuwa namkimbiza mbuzi aliyeingia jikoni, nikateleza, na mkono ukazama chunguni mpaka kwenye kifundo. Uji hauunguzi kama maji, unang'ang'ania. Sitaeleza zaidi. Dresa wa zahanati aliufunga mkono, akaufungua, akaufunga tena, na kidonda kikapona. Lakini kadiri ngozi ilivyokuwa inapona ndivyo ilivyovivuta vidole ndani, kimoja baada ya kingine, mpaka nikabaki na ngumi.

"Mama, kidonda kimepona," dresa alimwambia mama yangu. "Unataka nini tena?"

"Kidonda kimepona, bwana dresa," mama akajibu. "Mkono haujapona."

Mama hakuwa mtu wa kubishana na dresa, hakuna aliyekuwa, lakini siku ile alibisha. Aliona mbali kuliko sisi. Mkono wa kulia! Kwa mkono huo mtu anakula, anasalimia, anampa mkubwa kitu. Wa kulia ukijifunga, uliobaki ni wa kushoto, na mtoto wa kike anayempokea babu yake kibuyu kwa kushoto ni mtoto asiye na malezi, hata kama kila mtu anajua sababu. Nilijifunza kutanguliza ngumi mbele na kushika kitu kwa kushoto chini yake, kama mtu anayeficha alichoiba. Mama alinitazama nikifanya hivyo, akageuza uso. Atashikaje mpini wa jembe, alikuwa akimuuliza baba. Atatwangaje. Nani atamuoa.

"Mengine tumwachie Mungu," baba alisema.

"Mungu alimwachia nani?" mama akauliza, na baba akamwambia anyamaze, lakini hakunyamaza. Alinizungusha kwa kila mtu aliyesikia kuwa ana dawa. Nilipakwa mafuta ya kila mnyama mwenye mafuta. Kuna mganga mmoja tulimwendea kwa kujificha, kwa kuwa mke wa mzee wa kanisa hakupaswa kuonekana huko, naye alinivuta vidole kwa nguvu mpaka ngozi ikapasuka na tukaanza upya.

Tulimpata mtu wetu mahali ambapo hatukumtafuta, stesheni ya Usoke, siku mama alipopeleka asali ya kuuza. Hamali mmoja aliyekuwa anapokea mizigo aliiona ngumi yangu, akaweka gunia chini, akainyoosha mikono yake yote miwili mbele ya uso wa mama. Mmoja ulikuwa na makovu ya kutisha. Alibanwa na mabehewa, alisema. Halafu akaufunga na kuufungua, kufunga na kufungua, kama mtu anayeringia saa mpya.

"Nani alikufungua?" mama akamuuliza, hata salamu akaisahau.

"Yuko memsabu Tabora, mke wa Mzungu mkubwa wa reli. Wakati wa vita alikuwa anawatengeneza askari walioumia mikono. Watu wanamwita Bibi Vidole."

"Anatoa dawa gani?"

"Hatoi dawa. Anakupa kazi."

Neno hilo liliniingia moyoni. Anakupa kazi. Baba naye lilimkera. "Dawa gani hiyo ya kumfanyisha mtoto kazi?" aliuliza jioni ile. Lakini hamali alikuwa amesema pia kwamba yule memsabu hapokei fedha kwa watu wa vijijini, ila anatumia nta nyingi, na nta baba alikuwa nayo. Akaenda stoo akatoa bonge zuri kuliko yote, lile la manjano kabisa alilokuwa amewawekea wanunuzi, akalifunga kwenye majani ya mgomba. Baba alikuwa mtu wa namna hiyo. Mdomo wake ulikataa na mikono yake ikatoa.

Tabora nilikuwa sijawahi kuiona. Nilikuwa nimeisikia tu kwa bibi yangu mzaa baba, ambaye aliisema kwa sauti ya chini. Kwake Tabora haikuwa mji wenye soko na reli. Ilikuwa ni mahali ambapo misafara ilipita, na wakati wa njaa watu wa kwetu walikwenda huko na mtoto wakarudi na nguo. "Kipande cha shuka," bibi alikuwa akisema, anapima kwa mikono yake hewani. "Mtoto mzima kwa kipande cha shuka." Yeye mwenyewe alikuwa mdogo sana siku hizo, lakini alikuwa na dada ambaye hakumwona tena.

Bibi Vidole alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye madoadoa usoni. Aliukamata mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akaubonyeza hapa na pale. Kiswahili chake kilikuwa cha amri ingawa hakuwa mkali. "Huyu anaweza kufungua. Kila siku anakuja. Si leo anakuja, kesho hapana. Kila siku. Mvua ikianza, mimi na bwana tunahama."

"Kila siku?" mama akauliza. "Sisi tunatoka Usoke, memsabu."

"Basi kaa Tabora."

Kukaa Tabora! Kana kwamba ni kukaa kwenye kiti. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni, mashamba hayajasafishwa, na msimu wa kilimo haumngoji mtu. Baba peke yake asingeweza. Tulizunguka mji mchana kutwa tukitafuta pa kuniweka. Wenye vyumba walitaka kodi ambayo hata tungeuza mizinga tusingeifikisha. Jamaa mmoja wa kanisa alikuwa na nafasi, lakini mkewe aliutazama mkono wangu na kusema nyumba yake ina watoto wengi. Jua lilikuwa linashuka tulipokaa karibu na stesheni, njaa inauma, mama akanunua vitumbua kwa mwanamke mmoja mnene mwenye kilemba cha maua. Akalalamika kidogo juu ya ukubwa wa vitumbua, kwa lafudhi yetu.

Yule mwanamke akasimamisha upawa. "Wewe! Mnyamwezi wewe?"

"Mnyamwezi," mama akasema.

"Ndiyo maana! Watu wa kubeba mizigo, mnakula kama mnakwenda Bagamoyo kwa miguu. Mimi Mzaramo. Babu yangu aliwapiga bakora njia nzima."

Nikangoja mama aondoke. Badala yake uso wake ukafunguka. Sikuwahi kuuona vile. "Babu yako?" akasema. "Babu yako tulimbeba mgongoni, anaendesha tumbo kwa kunywa maji ya Ugogo. Mngejua kutembea ninyi?"

Wakaanza. Walirushiana maneno ambayo nyumbani tungechapwa kwa kuyasikia tu. Yule mwanamke, jina lake Bi Tausi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza tumefuata nini mjini. Mama akamweleza habari ya mkono, ya memsabu, ya kukosa pa kulala. Tukajikuta tumeshafika uani kwake. Bi Tausi akanishika kidevu, akanigeuza kulia na kushoto.

"Basi mtumwa wangu umeniletea mwenyewe," akasema. "Huyu harudi. Nimemchukua."

"Mchukue," mama akasema. Alikuwa anacheka, mama yangu, kwa sauti, kichwa ameinua nyuma. "Mkono mmoja haufanyi kazi, tulikuwa tunatafuta pa kumtupa."

"Mwenye mkono mmoja nalipa nusu." Akaingia ndani akatoka na kanga mpya, akamfunika mama mabegani. "Shika bei yako, uende zako."

Kipande cha nguo. Niliuona mkono wa bibi yangu ukipima hewani.

Asubuhi mama aliondoka na treni. Alinipiga busu kichwani, akasema nimsikilize Bi Tausi, akaondoka na kanga ile mabegani. Sikulia. Mtoto hulia pale anapodhani kuna atakayemsikia.

Leo najua, na wengi wenu mmeshajua tangu mistari mingi iliyopita, kwamba ule ulikuwa utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu njia ya misafara, hutukanana na kuibiana na kuzikana, na hakuna mwenye haki ya kununa. Lakini nani alikuwa ameniambia? Misheni kwetu utani ulihesabiwa matusi, na mke wa mzee wa kanisa hakuthubutu kuufanya. Mama alikuwa ameubana kifuani miaka yote hiyo, na siku alipoufungulia, mimi ndiye niliyekuwa nimesimama hapo.

Basi nikawa mtumwa wa Bi Tausi, kwa hesabu zangu mwenyewe. Na kila kitu kilinithibitishia. Wao walikula kwenye sinia moja, yeye na mama yake mzee na wapangaji wa kike. Mimi, kwa kuwa nilikula kwa kushoto, alinitengea sahani yangu ili nisione haya. Nikaona ni sahani ya mtumwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mimi sikupewa jembe wala ufagio. Nikajua wananitunza kama kuku wa sikukuu, wanangoja mkono upone.

Na kwa Bibi Vidole niliona wazi kazi ninayoandaliwa. Kwanza aliuzamisha mkono kwenye nta mpaka ngozi ikalainika, akanipa ile nta niifinyange ikiwa bado moto. Halafu nichambue maharage, moja moja, kwa kidole gumba na cha shahada. Nikamue kitambaa. Nibane nguo kwenye kamba. Nisokote uzi. Nijaribu kushika ufagio mdogo. Niambieni, kama si kazi za mtumwa wa ndani, ni kazi za nani? Hata hamali alikuwa amesema: hatoi dawa, anakupa kazi.

"Fungua," Bibi Vidole alikuwa akisema, kidole chake juu ya changu. "Pole pole. Si nguvu. Tena."

Iliuma. Ngozi ya kiganja ilivutika kama inataka kupasuka, na jasho lilinitoka mgongoni. Lakini, na hili lilinitisha kuliko maumivu, vidole vilianza kutii.

Siku niliyofanya uamuzi naikumbuka kwa sababu jirani alikuja kuazima kinu. Aliponiona akauliza mimi ni nani. "Mtumwa wangu wa Kinyamwezi," Bi Tausi akajibu, anachanganya unga wa vitumbua. "Bado namtengeneza. Mkono ukinyooka tu nampeleka pwani, nauza." Jirani akacheka, akasema Mnyamwezi hana bei siku hizi. Wakaendelea na habari za kinu.

Mkono ukinyooka. Basi dawa ilikuwa mikononi mwangu, au mkononi mwangu, mmoja. Chungu kibovu hurudishwa sokoni. Mkono usiponyooka, ningerudishwa Usoke, na mama angerudisha kanga.

Kila jioni Bibi Vidole aliufunga mkono wangu kwenye banzi jembamba la mti, vidole vimenyooshwa, ili usijikunje nikilala. Nikawa nangoja taa izimwe, nafungua vitambaa kwa meno, naikunja ngumi, nailalia. Kabla ya adhana ya alfajiri nafunga tena banzi kama lilivyokuwa. Kazi ya mchana nikaifuta usiku. Memsabu alikuwa na vijiti vya mviringo alivyovichonga mumewe, vya unene mbalimbali, vya kupimia kiganja. Kijiti kilichoingia jana leo hakikuingia. Alikigeuza, akanitazama, akajaribu tena.

"Sielewi," akamwambia Bi Tausi. "Mkono huu kuna siku unataka, kuna siku hautaki."

Bi Tausi aliniongezea samli kwenye wali. Alinikanda mkono kwa mafuta ya nazi yaliyotoka pwani, ambayo mwenyewe aliyapaka siku ya Idi tu. "We mtumwa," ananiambia, "unanitia hasara." Nami nikafurahi kusikia kwamba nampa hasara.

Msidhani kwamba sikujaribu kutoroka. Mchana mmoja, Bi Tausi akiwa stesheni na vitumbua vyake, nilitoka nikaifuata reli. Niliamini reli inakwenda Usoke, itaendaje kwingine? Nilitembea mpaka nyumba zikaisha, na huko nikakuta reli imejigawa. Moja inakwenda Mwanza, moja Dar es Salaam, moja kwetu. Zote zilikuwa zinang'aa sawasawa juani, zote zina kokoto zile zile. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka jua lilikuwa upande gani tulipokuja. Mtu aliyekuwa analisha punda akaniuliza natafuta nini, nikasema situfuti kitu, tena nikakosea kusema kwa hofu. Nikageuka. Nilirudi mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka uani kwa mtu aliyeninunua, nikakaa karibu na mtungi, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimetoka. Sidhani kama nimewahi kuwa mpweke kuliko siku ile, na nimezika mume.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Kigoma, mama akaja. Alikuwa na bonge jingine la nta kichwani na kuku mkononi. Bi Tausi alimwona kabla hajavuka mlango wa ua.

"Haya! Mnyamwezi amekuja kukomboa! Umekuja na ng'ombe au umekuja na mdomo mtupu?"

"Ng'ombe nitoe kwa kikono kile?" mama akajibu, meno yote nje. "Kaa naye, mtani. Kwetu jina lake tumeshalisahau."

Nilikuwa nimepiga mbio kumwendea. Niliposikia hivyo nikapiga magoti pale pale uani, nikararua vitambaa vya banzi kwa meno na kuinua ngumi mbele yake.

"Mayu, tazama," nikamwambia. Hivyo ndivyo tulivyomwita mama kwa lugha yetu. "Haujafunguka. Niliuzuia. Kila usiku nauzuia. Sifai kazi, hatanitaka tena. Mrudishie kanga yake twende."

Mama alikuwa amejifunga kanga ile ile. Akaitazama. Akaiweka nta chini, polepole, kuku akamponyoka. "Nani amekwambia umeuzwa?"

"Wewe."

Nimeishi miaka mingi na sijaona tena uso ukizimika vile. Bi Tausi naye alikuwa ameacha mdomo wazi. Akaketi chini, chini kabisa, mwanamke mnene kama yule, kwenye udongo.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, ule ni utani."

"Utani ni nini?"

 Bi Tausi alijaribu kunieleza. Babu zetu walitembea njia moja, alisema, wakaugua pamoja, wakafukiana, na ndiyo maana yeye anaweza kunitukana nami nisikasirike.

"Mimi nilikasirika," nikasema.

Mama akamgeukia. "Nilikuuliza nitakulipa nini kwa kumlisha mwanangu. Ukasema mtani halipwi, mtani huibiwa. Nikacheka. Nikaenda zangu nacheka." Akaanza kukusanya nguo zangu kwenye kamba. Alikuwa anazikunja vibaya. "Tunaondoka na treni ya leo."

Bi Tausi hakumzuia. "Mchukue," akasema. "Ni wako, na sasa sitanii. Lakini kwanza mpitishe kwa memsabu."

Kwa Bibi Vidole tulikuta masanduku yameshapangwa barazani. Mama akaeleza, kwa shida, maana utaeleza vipi utani kwa Mzungu? Bibi Vidole alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Aliuchukua mkono, akaingiza kijiti chembamba kuliko vyote, akatikisa kichwa.

"Muda umebaki kidogo sana," akasema. "Akikaa, tunafungua vidole baadhi. Akienda leo, mkono unabaki hivi. Mpaka mzee."

Mama akachuchumaa mbele yangu. Nilidhani ataamua yeye, ndiyo kazi ya wazazi, lakini nilivyomwona alikuwa ameogopa kuamua jambo lolote juu yangu. "Unataka nini, mwanangu?"

Nilitaka Usoke. Nilitaka kulala karibu na bibi yangu, nisikie mbuzi. Nilikuwa nimetoka kufunguliwa dakika ile ile, na tayari mlango mwingine ulikuwa unafungwa, huu wa kweli, na mimi ndiye niliyetakiwa kuusukuma.

"Nikibaki utanifuata?"

"Nitakufuata."

"Sema bila kucheka."

"Nitakufuata, mwanangu," mama akasema, na hakuwa na dalili ya kicheko hata kidogo. Nikabaki.

Siku zile za mwisho nilifanya kazi mpaka Bibi Vidole mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema basi, inatosha. Nilichambua maharage ya mtaa mzima. Usiku nilimwomba Bi Tausi alikaze banzi zaidi. Kidole gumba kikatoka, kisha cha shahada, kisha cha kati. Kile cha pete kilikuwa kimeanza kulegea mvua ilipopiga mabati, na masanduku yakapakiwa. Cha pete na cha mwisho vilibaki ndani na vimo humo mpaka leo, na hakuna mwingine Tabora aliyejua kazi ile. Zile siku nilizozifuta kwa kulalia ngumi ndizo vidole viwili hivi. Sijilaumu. Mtoto aliyeuzwa angefanya nini?

Mama alinifuata kama alivyosema, tukarudi nyumbani, na mwaka uliofuata baada ya mavuno Bi Tausi akaja Usoke kututembelea. Alishuka kwenye treni na kapu la nazi, na kabla hajafika mlangoni akaanza: enyi wapagazi, njooni mpokee mzigo wa tajiri yenu! Nilimwona akisimama na kungoja, kichwa pembeni, anatabasamu.

Mama akatoka, akafuta mikono, akapiga goti kidogo. "Karibu, dada," akasema. "Habari za safari? Karibu ndani upumzike."

Tabasamu la Bi Tausi likabaki usoni peke yake. Mtani akikujibu kwa adabu amekufukuza, na wote wawili walilijua hilo. Alikula chakula chetu, akasifu mboga, akaulizia afya za watu. Jikoni nilimkuta anapangusa machozi, akaniambia ni moshi.

Nikajaribu kuwaokoa. Nilirudi mbele yao nikasema, kwa sauti kubwa, kwamba huyu Mzaramo amekula sana na sasa alime ndipo aondoke. Bi Tausi akaruka kwa furaha, akanitukana matusi mazuri sana, nikamjibu. Lakini mama alikuwa ameshatoka nje. Nilimfuata nikamkuta nyuma ya ghala, nikamwambia mayu, mimi naujua utani sasa, siogopi tena, rudi umjibu. Akaushika mkono wangu, akavishika vile vidole viwili, akavibonyeza kana kwamba vingeweza kunyooka kwa kuombwa. Hakurudi ndani mpaka mgeni alipoaga.

Nimelima kwa mkono huu, nimetwanga, nimeolewa, nimeandika barua kwa wanangu walio mbali, na wajukuu nawachapa nao wakistahili. Vidole viwili havijanipunguzia kitu kikubwa. Mama aliishi mpaka uzeeni, na watani walikuja kwetu misibani na harusini, wakatukana watu wote, wakambeza na yeye, naye aliwakaribisha chai. Nilimwambia mara nyingi kwamba si yeye aliyenifunga. Alinisikiliza kwa upole na hakunisadiki. Sikumsikia tena akicheka kama alivyocheka siku ile uani kwa Bi Tausi, kichwa nyuma, mdogo wangu akirukaruka mgongoni kwa kicheko kile. Kilikuwa kicheko kizuri sana, na mimi nilipokuwa nacho karibu nilikiogopa.